Presha Haipandi Siku Moja

Neno "presha" limepewa kazi nyingi kwenye Kiswahili chetu. Anayekudai akipiga simu mara ya tatu unamwambia asikupe presha. Kocha aliyefungwa mechi mbili mfululizo yuko kwenye presha. Na jirani akianguka uani, kabla hata gari halijapatikana, mtaa mzima umeshatoa majibu: presha imepanda. Wataalamu walitupatia "shinikizo la damu", jina zuri, limeandikwa kwenye mabango ya zahanati. Lakini sijawahi kumsikia mtu kwenye daladala akisema mama yake ana shinikizo la damu. Mama ana presha, basi.

Mimi ni mwandishi wa habari, si daktari, kwa hiyo kilichonivuta kwanza hapa ni kitenzi. Presha inapanda. Sasa jiulize, ndugu msomaji, kwa Kiswahili ni vitu gani vingine humpanda mtu? Hasira humpanda. Mori humpanda. Mashetani humpanda kichwani. Vyote hivyo vina tabia moja: vinakuja ghafla, vinamtikisa mtu, halafu vinashuka naye anarudi alivyokuwa. Tulipolipokea neno presha tuliliingiza kwenye ukoo huo huo. Ndiyo maana kwenye filamu zetu mzee akiletewa habari mbaya anashika kifua, anaita "presha! presha!", anaanguka. Watazamaji hawahitaji maelezo mengine.

Kwa miezi kadhaa sasa nimekuwa nikisoma makala za zamani za madaktari waliopima presha Afrika Mashariki. Nilichokikuta ni historia ya karibu miaka mia moja, na sehemu yake kubwa imepimwa kwenye mikono ya watu wa kwetu: Kisii, Samburu, pwani ya Ziwa Victoria, Hai, Ilala. Vitabu vya epidemiolojia, yaani elimu ya namna magonjwa yanavyotembea ndani ya jamii, vinaijua historia hiyo vizuri. Sisi wenyewe hatuijui. Na inasema jambo ambalo kitenzi chetu hakilisemi: presha nyingi inayoua haikupanda jana jioni. Ilipanda miaka kumi iliyopita, ikakaa huko huko juu, na mwenyewe akaendelea kula, kucheka na kulima.

Kabla ya kufika Kisii tuangalie kipimo chenyewe, maana bila kipimo hakuna historia. Mwaka 1733 mchungaji wa Kiingereza, Stephen Hales, alichapisha habari ya jaribio lake juu ya farasi jike. Alimfunga akamlaza chini, akamtia bomba la shaba kwenye mshipa mkubwa wa mguuni, akaunganisha na bomba refu la kioo lililosimamishwa wima. Damu ikapanda zaidi ya futi 8. Hapo, naam, ilipanda kweli kweli. Lakini hakuna binadamu ambaye angekubali kupimwa hivyo. Ilibidi kungoja hadi 1896, Mtaliano Scipione Riva-Rocci alipotengeneza mkanda wa kufunga mkononi na kujaza upepo, na 1905, daktari wa Urusi Nikolai Korotkov alipoeleza zile sauti zinazosikika kwenye mshipa mkanda unapolegezwa. Tangu hapo tukawa na namba mbili, ya juu na ya chini. Kwa hiyo kipimo hiki tunachokiona kwenye kila zahanati kina umri mdogo kuliko reli ya Mombasa.

Kisii, 1929

Januari 1929 jarida la kitabibu la Lancet la London lilichapisha makala ya kurasa mbili hivi. Mwandishi wake alikuwa C. P. Donnison, daktari wa serikali ya kikoloni aliyefanya kazi Kisii, katika eneo ambalo wakati huo liliitwa South Kavirondo, Kenya. Alikuwa amepima presha za watu 1,000 walioonekana wazima. Hadi kufikia miaka kama 40, namba zao zilifanana na za Wazungu. Baada ya hapo njia zikaachana: za Wazungu ziliendelea kuongezeka kadiri umri unavyokwenda, za watu wa Kisii zikapungua. Na si hilo tu. Katika muda wa miaka kama miwili, hospitali yake ililaza wagonjwa wapatao 1,800. Kati yao hakumwona mwenye presha ya juu hata mmoja.

Hata mmoja, jamani. Leo keti kwenye benchi la zahanati yoyote ya Kisii, Moshi au Temeke kwa asubuhi moja tu, halafu uniambie.

Unaweza kuzitilia shaka namba hizo, na ni haki yako. Watu wa wakati ule hawakuwa na vyeti vya kuzaliwa, umri wao ulikuwa wa kukadiria. Mtu mwenye presha hasikii kitu, kwa hiyo hana la kumpeleka hospitali. Lakini wale 1,000 hawakuja kulalamika, walipimwa tu. Hata ukipunguza hapa na pale, tofauti inabaki kubwa mno kuitupa. Kitu fulani ambacho kilikuwa kinawapata wazee wa London hakikuwa kinawapata wazee wa Kisii.

Swali likawa: kwa nini? Na hapa ndipo historia inapokuwa tamu, au chungu, kutegemea umekaa upande gani.

Jibu la kwanza lilikuwa la rangi. Mwafrika hana presha, ameumbwa hivyo. Jibu hili halikuhitaji utafiti wowote zaidi, na mtu akishasema jambo halipo, haendi kulitafuta. Halipangiwi bajeti, halinunuliwi dawa.

Jibu la pili lilikuwa la Donnison mwenyewe. Mwaka 1937 alichapisha kitabu, Civilization and Disease, akieleza kwamba maradhi kama haya yanaletwa na mkazo wa akili: mtu anapotolewa kwenye utaratibu wa mababu na kutupwa kwenye maisha ya kisasa, mwili unalipa. Kwa maneno ya mtaani, presha ni mawazo. Kwa hiyo ile dhana yetu kwamba presha huletwa na watoto wakorofi na madeni ya vikoba ilikuwa na wakili wake kwenye maktaba za Ulaya tangu kabla ya Vita Kuu ya Pili.

Ni dhana yenye huruma kidogo kuliko ile ya kwanza. Lakini mimi inanikwaza, na sababu yangu ni ya kihistoria. Hebu tuwatazame hao wazee wa Kisii aliowapima. Mtu wa miaka 45 mwaka 1929 alikuwa kijana mwaka 1905 na 1908, Waingereza walipoleta majeshi kuwaadhibu Wagusii. Septemba 1914 aliona Wajerumani na Waingereza wakipigana pale pale Kisii mjini, vita isiyomhusu. Miaka mitatu baadaye vijana wa wilaya yake walikusanywa kwa maelfu kwenda kubeba mizigo ya jeshi, ile Carrier Corps ambayo kwa Kiswahili ilizaa jina la Kariakoo, na wengi hawakurudi. Waliorudi walikuta kodi na kipande cha kuning'iniza shingoni. Mtu huyo hakuwa na mawazo? Mtu huyo alikuwa na kila sababu ya presha ambayo lugha yetu inaijua. Akafungwa mkanda mkononi, na namba ikatoka ya kawaida.

Siku nilipoiona hoja hiyo kwenye daftari langu ndipo nilipoanza kuamini kwamba tunatafuta mahali pasipo.

Daktari aliyekaa akaona

Mwaka huo huo wa 1929 daktari mwingine Mwingereza, Hugh Trowell, alifika Kenya. Baadaye akahamia Uganda, akafundisha Makerere na kutibu katika Hospitali ya Mulago hadi mwishoni mwa miaka ya 1950. Ni karibu miaka 30 ya kuangalia wodi zile zile. Alipoanza, presha ya juu kwa Waafrika ilikuwa kitu cha kutafuta kwa tochi. Alipoondoka, ilikuwa ugonjwa wa kawaida. Mwaka 1956 yeye na mwenzake Singh walichapisha katika East African Medical Journal taarifa ya Mwafrika mmoja aliyekuwa na ugonjwa wa mishipa ya moyo. Mgonjwa mmoja, makala nzima! Ndivyo alivyokuwa adimu. Mwaka 1960 Trowell akakusanya aliyoyaona kwenye kitabu, Non-Infective Disease in Africa.

Ushahidi wa Trowell ulimaliza lile jibu la rangi. Damu ya watu haibadiliki ndani ya miaka 30. Kilichobadilika ni kitu walichokuwa wanafanya, wanakula, au wanafanyiwa. Kipi kati ya hivyo?

Chumvi ya jeshini

Katika Makerere hiyo hiyo alikuwepo Gerald Shaper, daktari mzaliwa wa Cape Town. Miaka ya 1960 alikwenda kaskazini mwa Kenya kuwapima Wasamburu, wafugaji walioishi kwa maziwa na nyama. Presha zao zilikuwa za chini. Ila bahati ya mtafiti ni kwamba baadhi ya wale morani walikuwa wanajiunga na jeshi la Kenya. Kijana yule yule, wa ukoo ule ule, anatoka kwenye maziwa anaingia kwenye chakula cha kambini, chenye chumvi nyingi kuliko aliyowahi kuila maishani. Shaper na wenzake waliwafuatilia, na mwaka 1969 wakachapisha waliyoyaona: presha za wale askari zilikuwa zimepanda.

Bado unaweza kubisha. Jeshini kuna chumvi, lakini kuna na sajenti anayekufokea saa kumi na moja alfajiri. Labda ni sajenti, labda ni chumvi.

Utafiti ulioniridhisha mimi ulifuata baadaye kidogo, na ulihusu safari ambayo nusu ya ukoo wowote wa Afrika Mashariki umeifanya: kutoka kijijini kwenda mjini kutafuta kazi. Neil Poulter na wenzake, Waingereza na Wakenya, walikwenda kwenye vijiji vya Waluo upande wa kaskazini wa Ziwa Victoria, mahali ambapo presha zilikuwa bado za chini. Waliwapima watu. Kisha wale waliohamia Nairobi wakafuatwa huko huko Nairobi, wakapimwa tena baada ya mwezi mmoja, miezi mitatu, sita, hadi miaka miwili, huku wenzao waliobaki kijijini wakipimwa vile vile. Walifuatilia wahamiaji 325 na watu 267 waliobaki. Matokeo yalitoka mwaka 1990 kwenye jarida la BMJ.

Presha za waliohamia zilikuwa juu kuliko za waliobaki, na tofauti ilionekana mapema sana, tangu mwezi wa kwanza. Si kwamba wachache walikuwa wameugua wakauvuta wastani. Kundi zima lilikuwa limesogea. Mkojo ulieleza sehemu ya sababu: sodiamu, ile ya kwenye chumvi, ilikuwa imeongezeka ikilinganishwa na potasiamu, ile ya kwenye mboga na matunda. Uzito ulikuwa umeongezeka. Mapigo ya moyo yalikuwa ya kasi zaidi, na hapo watafiti walikiri kwamba mishipa ya fahamu nayo huenda ina mkono. Kwa hiyo yule shangazi anayesema mji una mawazo hajakosea kabisa. Ila mawazo yalikuja pamoja na chumvi, mafuta na mkate, na mboga za shambani zikabaki shambani.

Ninachokipenda kwenye utafiti huu ni ile picha ya kundi zima kusogea. Hakuna aliyeanguka. Hakuna aliyeshika kifua. Watu mia tatu na ushee walikuwa wanatafuta vyumba vya kupanga, wanatafuta vibarua, wanatuma hela nyumbani, na namba ndani ya mikono yao inasogea taratibu. Ukiwauliza wangekwambia hawajambo. Na kweli walikuwa hawajambo.

Je, ukishusha kitu asichokisikia mtu, inasaidia?

Hili si swali la kijinga. Kwa muda mrefu madaktari wengi waliamini presha ya juu ni namna ya mwili kujisaidia, kwamba mishipa ikishakakamaa moyo lazima usukume kwa nguvu. Rais Franklin Roosevelt wa Marekani alikuwa na presha ya juu kwa miaka, madaktari wakiiandika, na Aprili 12, 1945 akafa kwa damu kuvuja kwenye ubongo akiwa na miaka 63. Alikuwa mtu mwenye nguvu kuliko karibu wote duniani na dawa ya maana ya kumpa haikuwepo.

Jibu lilikuja 1967, Marekani hiyo hiyo, kutoka hospitali za askari wastaafu, kazi iliyoongozwa na Edward Freis. Wanaume 143 wenye presha ya juu sana waligawanywa: 73 wakapewa dawa, 70 wakapewa vidonge visivyo na kitu. Katika kundi la vidonge vitupu, 27 walipatwa na madhara makubwa. Katika kundi la dawa, wawili. Jaribio lilisimamishwa kabla ya wakati kwa sababu kuliendeleza ingekuwa ukatili. Tangu siku hiyo hakuna aliyeweza kusema tena kwamba presha usiyoisikia haina maana.

Sasa, tangu 1967 dunia inajua. Tuone sisi tulifika wapi.

Ilala na Shari

Mwaka 2000 Richard Edwards, Nigel Unwin, Ferdinand Mugusi na wenzao walichapisha vipimo vya watu wazima 770 wa Ilala, Dar es Salaam, na 928 wa kijiji cha Shari, mkoani Kilimanjaro. Ilala, wenye presha ya juu walikuwa asilimia 37.3 ya wanaume na 39.1 ya wanawake. Shari, kijijini, penye migomba na hewa safi, walikuwa asilimia 26.3 ya wanaume na 27.4 ya wanawake. Ni miaka 71 tu baada ya Donnison kutomwona hata mmoja.

Lakini namba iliyonikaa ni nyingine. Kati ya wenye presha, waliojua kuwa wanayo hawakufika asilimia 20. Waliokuwa kwenye dawa walikuwa kama asilimia 10. Ambao dawa ilikuwa imeishusha presha yao hadi mahali salama hawakufika asilimia moja. Yaani chukua watu mia wenye presha, wapange mstari kuanzia Karume hadi Boma, na huenda hutampata hata mmoja aliyetibiwa ikatibika.

Mwaka huo huo Lancet ilitoa kazi ya Richard Walker na wenzake juu ya vifo vya kiharusi. Hapa nivue kofia kwa namna walivyofanya. Watu wengi wetu hufia nyumbani, hakuna cheti cha daktari. Basi wahojaji waliingia kwenye nyumba za wafiwa, Dar es Salaam, Hai na Morogoro, wakauliza kwa upole: alianzaje? Upande mmoja ulilegea? Mdomo ulienda upande? Kutokana na simulizi hizo madaktari wakakadiria sababu ya kifo. Kwa sisi tunaopenda fasihi simulizi, hii ni moja ya kazi zake ambazo hazimo kwenye mtaala. Kwa watu wa miaka 15 hadi 64, Dar es Salaam ilipoteza kwa kiharusi wanaume 65 na wanawake 88 katika kila 100,000 kwa mwaka. Uingereza na Wales, rika hilo hilo, ilikuwa 10.8 na 8.6. Yule aliyeambiwa hana presha alikuwa anakufa kwa matokeo yake mara kadhaa zaidi ya yule aliyempima.

Walker na wenzake wakarudi kuhesabu si vifo tu bali kila kiharusi kipya, kuanzia Juni 2003 hadi Juni 2006. Wakisawazisha tofauti za umri, Hai ilikuwa na wagonjwa wapya 108.6 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka. Dar es Salaam ilikuwa na 315.9.

Na sasa ile habari iliyonirudisha kwenye kitenzi changu. Mwaka 2008 Gerry Mshana na wenzake walichapisha mahojiano na watu wa sehemu hizo hizo mbili: kiharusi huletwa na nini, na mgonjwa apelekwe wapi? Ungedhani mjini, penye hospitali na redio, ndiko watakuwa wameelewa. Ilikuwa kinyume. Hai, kijijini, wengi walieleza sababu za kimwili na kukimbilia hospitali. Dar es Salaam wengi walieleza majini na nguvu za giza, na safari ya kwanza ikawa ya mganga.

Nimelifikiria hilo sana na sioni kama ni ujinga wa mjini. Mtu aliyeanguka ghafla, mdomo umeenda upande, sauti imepotea, anafanana kabisa na aliyepandwa. Lugha imeshaandaa maelezo. Kama ugonjwa ni tukio, lazima uwe na mtendaji, na mtendaji wa ghafla tunayemjua ni jini. Ukitaka kumwondoa jini huyo mlangoni lazima kwanza uamini kwamba tukio la leo lilianza miaka kumi nyuma.

Mlango wa dharura

Msidhani madaktari wao waliponyoka mtego huu. Miaka ya 1980 na 1990, sehemu nyingi duniani, mgonjwa akikutwa na namba za kutisha alipewa kidonge cha nifedipini kikapasuliwa na kuwekwa chini ya ulimi. Presha ilishuka mbele ya macho ya wote, ndugu wakafurahi, muuguzi akaandika. Imepanda, imeshushwa. Mwaka 1996 Grossman na wenzake walichapisha kwenye jarida la JAMA makala iliyouliza kama zoezi hilo lisimamishwe, wakikusanya taarifa za wagonjwa waliopata kiharusi, mshtuko wa moyo, hata kifo, baada ya kushushwa ghafla. Sababu yake inaeleweka. Ubongo ulioishi na presha ya juu kwa miaka umeshaizoea, mishipa yake imejipanga kwa nguvu hiyo. Ukiishusha kwa kishindo, damu haifiki.

Kwa hiyo leo daktari wa dharura akikuta 190 kwa 120 swali lake la kwanza si namba yenyewe. Anauliza: kuna kiungo kinachoharibika sasa hivi? Ubongo, moyo, figo, macho, mapafu? Kama kipo, hiyo ni dharura ya kweli, dawa inapitishwa kwenye mshipa, na kwa wengi wao lengo la saa ya kwanza ni kupunguza kama robo tu, si zaidi. Kama hakipo, mgonjwa anaanzishiwa au anarudishiwa vidonge vyake, presha inateremshwa kwa siku na wiki. Ndugu waliokuja mbio hulalamika kwamba hajahudumiwa. Nimekaa kwenye mabenchi hayo kwa kazi yangu ya uandishi, nimeyasikia malalamiko. "Presha iko juu hivi halafu wanamwambia arudi nyumbani?"

Tanzania huduma hiyo yenyewe ni changa. Idara kamili ya tiba ya dharura katika Hospitali ya Taifa Muhimbili ilifunguliwa Januari 2010, ikiwa ya kwanza ya aina yake katika hospitali za umma nchini. Mwaka huo huo Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili kikaanza kufundisha mabingwa wa fani hiyo, na wa kwanza wakahitimu 2013. Ni hatua kubwa, na wamo watu walio hai leo kwa sababu yake. Lakini mlango wa dharura ni ukurasa wa mwisho wa hadithi. "Alikuwa mzima kabisa asubuhi," ndugu wanasema pale, na wanasema kweli kama wanavyoijua. Daktari akimulika jicho, akipima figo, mara nyingi anasoma hadithi nyingine, ya mishipa iliyoumia kwa miaka.

Sipendekezi tulifute neno presha. Limeshaota mizizi, na "shinikizo la damu" halitaingia kwenye daladala kwa kulazimishwa. Ninachotamani ni tupunguze kuuliza swali moja na tuongeze jingine. Tumezoea kumuuliza mzazi, "Presha imepanda?" Akijisikia vizuri anajibu haijapanda, na siku hiyo anaacha kidonge, kwa nini ameze dawa ya kitu ambacho hakipo? Tumuulize, "Mama, leo ni ngapi? Mwezi uliopita ilikuwa ngapi?" Ni swali lile lile walilouliza Kisii, Samburu, Nairobi na Ilala, na halihitaji shahada. Linahitaji mashine, daftari dogo la kuandikia namba mbili na tarehe, na mtu wa nyumbani wa kulifungua daftari hilo mwezi ujao.